Majani Makavu: Akiba ya Maksai kwa Siku za Kulima

Maneno ya hotuba kwa wakulima wa Busia na Malaba



Habari itakayoelezwa hapa yahusu jambo ambalo kwa kulitazama mara ya kwanza laweza kuonekana dogo, nalo ni kukata majani yangali mazuri, kuyakausha juani, na kuyaweka akiba ili ng'ombe wayale wakati wa kiangazi. Majani hayo makavu wakulima wengi wa Kenya huyaita hei. Lakini jambo hili si dogo hata kidogo kwa mtu ambaye chakula cha nyumba yake chategemea jozi moja ya maksai.

Mtu asafiriye kutoka Bumala mpaka mji wa Busia, au kutoka Amukura mpaka Malaba, katika mwezi wa Mei, hawezi kuamini ya kuwa nchi hii yaweza kupungukiwa na malisho. Kandokando ya barabara majani yamefika kiunoni, na mtoto achungaye ng'ombe haonekani ila kichwa chake. Lakini mtu huyo huyo akirudi mwezi wa Februari ataona mambo mengine. Majani yamekuwa rangi ya udongo, mengine yamechomwa moto, na mbavu za ng'ombe zaweza kuhesabiwa na mtu aliye mbali. Kisha mvua ya kwanza huanguka mwezi wa Machi, na maksai wale wale waliokonda ndio wafungwao nira. Wakienda mistari michache husimama, na wakipigwa hulala chini.

Hapo ndipo hasara huanza. Shamba lililopasa kulimwa kwa siku tatu huchukua wiki mbili. Mahindi yapandwayo kwa kuchelewa hupata mvua chache, na funza wa mabua huyashambulia zaidi kuliko yale yaliyopandwa mapema. Wakati wa mavuno ufikapo, mwenye shamba husema ya kuwa mwaka ulikuwa mbaya. Lakini huenda mwaka haukuwa mbaya; njaa yake ilianza mwezi wa Desemba, hapo alipoyaacha majani yake yakauke yamesimama.

Nchi na majira yake

Nchi ya Busia huanzia ukingo wa Ziwa Victoria, penye kimo cha meta 1,130 hivi juu ya bahari, ikapanda polepole mpaka vilima vya Samia na vya Teso, vifikavyo karibu meta 1,500. Mvua za masika huanza mwezi wa Machi zikaendelea mpaka mwisho wa Mei. Baadaye mvua hupungua kidogo, kisha mvua za vuli huja tangu Agosti mpaka Oktoba, na pengine hufika Novemba. Tangu Desemba mpaka Februari nchi hukauka.

Majira haya ni ya namna moja pande zote mbili za mpaka, Kenya na Uganda, na hata desturi za ukulima zafanana. Tangu mwanzo wa karne ya 20, pamba ilipoanza kulimwa katika nchi ya Teso iliyoko Uganda, plau na maksai vilienea sana miongoni mwa Wateso. Leo, upande wa Kenya, watu wa Angurai, Amukura, Nambale na Matayos wajua vema thamani ya maksai. Asiye na maksai wake hukodi wa jirani, naye lazima angoje zamu yake. Na wakati angojapo, mvua haimngojei.

Kwa hiyo yafaa kila mtu aelewe neno moja. Katika Busia majani si haba. Kinachokosekana ni njia ya kuyavusha majani ya miezi ya mvua yafike miezi ya ukame. Mahindi, mtama na wimbi hutiwa ghalani, na hakuna mtu mwenye akili awezaye kuyaacha shambani mpaka yaoze kwa sababu leo ameshiba. Majani ndiyo nafaka ya ng'ombe, nayo yataka ghala vile vile.

Mambo yafanywayo wakati wa kiangazi

Malisho yapungukapo, watu wengi hufanya moja katika mambo matatu.

Jambo la kwanza ni kuchoma majani makavu ili machipukizi mabichi yaote. Kweli machipukizi huota, lakini ni machache, nayo hayamshibishi mnyama. Tena moto huo umekwisha kula chakula kingi kuliko kile kitakachoota, na udongo huachwa wazi kwa jua na kwa mvua kubwa za Machi.

Jambo la pili ni kuwapeleka ng'ombe mabondeni, kwenye vichaka vya kando ya mito kama Sio na Malaba, ambako majani hukawia kukauka. Lakini katika vichaka vya namna hiyo ndiko mbung'o wakaako, kwa kuwa wapenda kivuli na unyevu. Mbung'o ndio waletao ugonjwa wa nagana, ambao humkondesha ng'ombe, humpunguzia damu, na mwisho humwua. Wataalamu wamechunguza ugonjwa huu katika wilaya za Busia kwa miaka mingi, na Alupe, karibu na mji wa Busia, pamejulikana kwa kazi hiyo. Mtu ampelekaye ng'ombe mwenye njaa kwenye kichaka cha mbung'o amemtoa katika shida moja akamtia katika shida mbili. Ng'ombe aliye na majani nyumbani hana haja ya kushinda mtoni. Atakwenda kunywa maji na kurudi.

Jambo la tatu ni kuuza. Lakini auzaye kwa sababu ya njaa ya mnyama hauzi kwa bei aipendayo. Mnunuzi huziona mbavu kabla ya kutaja shilingi. Kisha mwezi wa Machi mtu huyo hutafuta maksai wengine, na huwakuta ni ghali, kwa kuwa watu wote wawataka siku hizo.

Katika ukame mkubwa wa mwaka 2021 na 2022, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa katika Kenya, hasa katika kaunti za kaskazini na mashariki. Busia haikupatwa na msiba wa kiasi hicho, maana mvua zake ni nyingi. Lakini wingi wa mvua ndio uwafanyao watu wasahau akiba. Aliye jangwani hujua ya kuwa ukame utakuja. Aliye penye majani mengi hushtukizwa kila mwaka na jambo ambalo huja kila mwaka.

Majani ya kuezekea na majani ya kulisha

Wako watu wasemao ya kuwa kazi hii ni ya mashamba makubwa yenye matrekta, wala si ya mtu mwenye ekari mbili au tatu. Lakini watu wa Busia wamekuwa wakikata majani, wakiyakausha, wakiyafunga vitita na kuyachukua nyumbani tangu zamani za babu zao, maana ndivyo walivyoezeka nyumba zao. Wajua kushika mundu. Wajua kutazama mawingu kabla ya kuanza kazi. Wajua kufunga mzigo usifumuke njiani. Basi nusu ya elimu hii wanayo tayari.

Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa, na asiyeishika atapoteza kazi yake bure. Majani ya kuezekea hukatwa yakiwa yamezeeka, yenye mabua magumu, kwa sababu yapasa kuishinda mvua kwa miaka. Majani ya kulisha hukatwa yangali mabichi, wakati maua ya kwanza yanapoanza kuonekana. Waswahili husema, samaki mkunje angali mbichi. Na majani nayo yakatwe kabla hayajawa kuni.

Sababu yake ni hii. Katika tumbo kubwa la ng'ombe mna vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vimsaidiavyo kuyavunjavunja majani. Vijidudu hivyo vyahitaji protini. Ikiwa katika kila sehemu 100 za chakula kikavu protini haifiki hata sehemu 7, vijidudu hulegea, chakula hukaa tumboni muda mrefu, na mnyama hupunguza kula ingawa majani yako mbele yake. Majani machanga huwa na protini ya kutosha. Majani yaliyokwisha kumwaga mbegu huwa nayo kidogo sana. Ndiyo maana ng'ombe wa Februari hukonda huku tumbo lake likionekana limejaa. Amejaza paa la nyumba tumboni mwake.

Majani yafaayo

Majani ya kawaida ya malisho yafaa, mradi yakatwe kwa wakati wake na yasiwe na magugu mabaya. Mmea wa lantana, ambao huota sana kwenye vichaka na mipaka ya mashamba, ni sumu kwa ng'ombe, na kukauka hakuondoi sumu hiyo. Basi yapasa kuutoa kabla ya kukata.

Apendaye kupanda nyasi hasa kwa kazi hii atafanya vema kupanda nyasi ziitwazo Boma Rhodes. Mabua yake ni membamba, hukauka upesi, na shamba lake likitunzwa hudumu miaka kadhaa. Katika miaka ya 1950 kituo cha uchunguzi wa malisho cha Kitale kilifanya kazi kubwa ya kukusanya na kuchagua nyasi za namna hii, na mmoja wa wataalamu wake mashuhuri alikuwa A. V. Bogdan. Aina nyingine za nyasi za Rhodes ziliitwa Mbarara, Masaba, Nzoia na Pokot. Majina hayo yaonyesha wazi ya kuwa si majani ya ng'ambo, bali ni ya nchi hizi za Afrika Mashariki. Mbegu zake ni ndogo mno. Yafaa ardhi ilainishwe sana, na mbegu zifunikwe kwa udongo kidogo tu, ama sivyo hazitaota.

Watu wengi wamezoea majani ya tembo, yaitwayo nepia. Hayo ni mazuri kulishwa yakiwa mabichi, lakini mabua yake ni manene na hukawia kukauka. Tena, katika magharibi ya Kenya, nepia imeshambuliwa na ugonjwa wa kudumaa, ambao huyafanya majani kuwa mafupi na ya manjano. Kwa sababu hiyo si busara kuitumainia nepia peke yake.

Wakulima wafuatao kilimo cha vuta-sukuma, kilichotokana na uchunguzi wa kituo cha icipe kule Mbita ukingoni mwa Ziwa Victoria, wana bahati zaidi. Wamepanda desmodiamu katikati ya mahindi ili kuzuia gugu la striga na kuwafukuza wadudu, na brakiaria kuzunguka shamba ili kuwavuta wadudu hao nje. Mimea hiyo miwili yote hukaushwa. Desmodiamu ina protini nyingi, na konzi chache zake zikichanganywa na majani ya kawaida huyaongezea nguvu. Kazi hiyo hiyo hufanywa na majani ya njugu karanga baada ya kung'olewa, na mashina ya viazi vitamu, ambayo watu wengi huyatupa. Ila mimea ya namna hii yataka kushikwa kwa upole, maana ikikauka sana majani hupukutika na kubaki vijiti, na uzuri wote umo katika majani.

Wakati wa kukata

Hapa ndipo penye ugumu wa nchi ya Busia. Majani huwa mazuri kabisa wakati wa mvua, na wakati wa mvua hayawezi kukauka. Kwa hiyo mkulima lazima apange mambo mapema, asingoje majani yamwamulie.

Njia nzuri ni hii. Mwezi wa Septemba na atenge kipande cha malisho, akikate chote mpaka chini, vidole vinne hivi juu ya ardhi, na majani yale mabichi awape ng'ombe siku hizo hizo. Kisha akifunge kipande hicho kwa miiba au kwa ua, asiingie mnyama yeyote. Mvua za vuli zitayaotesha upya, na baada ya wiki nane hata kumi, yaani mwishoni mwa Novemba, yataanza kutoa maua. Siku hizo mvua zimepungua na jua limepata nguvu. Hapo ndipo akate.

Nafasi nyingine ndogo hupatikana mwezi wa Juni au Julai, mvua za masika zipunguapo. Lakini nafasi hiyo si ya kuaminiwa sana. Yafaa akate kidogo kidogo, kiasi cha kazi ya siku moja tu, ili mvua ikija ghafula isiharibu yote.

Kukata na kukausha

Mkulima aanze asubuhi, umande ukiisha kukauka, na iwe siku ambayo dalili za mvua hazionekani. Mundu, panga kali au fyekeo vyatosha. Majani yakatwe na kutandazwa pale pale, yasirundikwe. Baada ya saa chache yageuzwe kwa reki au kwa uma wa mti, ili ya chini yaje juu. Jioni yakusanywe katika mafungu madogo yenye kilele ili umande wa usiku usiyaloweshe yote, na asubuhi yatandazwe tena.

Jua likiwa kali, siku mbili au tatu zatosha. Majani yasiachwe juani zaidi ya haja. Majani mema makavu yana rangi ya kijani kibichi iliyofifia, nayo hunukia vizuri. Yakiwa meupe kama mabua ya zamani, jua limekwisha kuyala. Yakiwa meusi au yenye harufu ya ukungu, yametiwa yangali mabichi, nayo asipewe mnyama.

Mkulima ajuaje ya kuwa yamekauka? Achukue konzi moja ayasokote kwa mikono miwili. Yakivunjika pole pole bila kutoa unyevu, ni tayari. Yakijipinda kama kamba mbichi, bado. Akitaka hakika zaidi, atwae chupa ya kioo iliyo kavu, atie majani yaliyokatwakatwa pamoja na vijiko viwili vya chumvi kavu, aifunge na kuitikisa kwa dakika chache. Chumvi ikibaki kavu na kutawanyika, majani yako tayari. Chumvi ikigandana, maji yangalimo.

Mithali husema akiba haiozi. Lakini akiba hii huoza upesi sana ikiwekwa na maji ndani yake. Majani mabichi yakishindiliwa pamoja hupata joto, huota ukungu, na pengine joto huzidi hata kuwasha moto wenyewe bila kiberiti. Kwa hiyo ni afadhali kungoja siku moja zaidi kuliko kupoteza ghala zima.

Sanduku la kufungia

Majani yakiwa yamelegea huchukua nafasi kubwa, na ni vigumu kuyahesabu. Ndiyo sababu yafaa kuyafunga matita yaliyo sawa. Mashamba makubwa hutumia mashine, lakini mkulima mdogo atatumia sanduku la mbao lisilo na kifuniko wala chini. Urefu wake ndani uwe sentimita 85, upana sentimita 55, na kina sentimita 45. Seremala wa kijiji aweza kulitengeneza kwa muda mfupi, na sanduku moja laweza kutumiwa na majirani kumi kwa zamu.

Kwanza sanduku huwekwa mahali palipo sawa, na kamba mbili za katani hulazwa ndani, ncha zake zikining'inia nje. Kisha majani hutiwa kidogo kidogo, na mtu mmoja huingia akayakanyaga kwa miguu mpaka sanduku lijae na kushiba. Kamba hufungwa kwa nguvu, sanduku huinuliwa, na tita hubaki chini. Tita lililoshindiliwa vizuri huwa na uzito wa kilo 15 hata 20.

Kazi hii hupendeza ikifanywa kwa ujima. Wawili wakate, wawili wageuze, mmoja akanyage, mmoja afunge. Wala isisemwe ya kuwa ni kazi ya akina mama na watoto peke yao. Mwanamume ajivuniaye maksai wake mbele ya wageni hana budi kushika reki mwezi wa Novemba.

Ghala ya majani

Wakazi wa Busia wamjua mchwa vizuri, na mchwa apenda majani makavu kuliko kitu kingine. Kwa hiyo matita yasiwekwe chini. Ijengwe jukwaa la miti juu ya mawe, kimo cha magoti au zaidi, kama yajengwavyo maghala ya nafaka. Na miguu ya jukwaa itazamwe mara kwa mara, njia za udongo za mchwa zikionekana ziondolewe. Juu paezekwe vizuri ili mvua isipenye, na pande ziachwe wazi kidogo ili hewa ipite. Jukwaa liwe mbali na jiko, kwa kuwa cheche moja yatosha kuiteketeza kazi ya mwezi mzima. Na ng'ombe wasiweze kulifikia, maana ng'ombe hajui maana ya akiba.

Hesabu ya mkulima

Haifai kukata kwa kubahatisha. Ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 hula karibu kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Lakini wakati wa kiangazi bado hupata kidogo malishoni, kwa hiyo akipewa kilo 3 za majani makavu kila jioni atapata nusu ya chakula chake.

Kwa mfano, mkulima mwenye maksai wawili aanze kuwalisha mwanzoni mwa Januari mpaka mwanzoni mwa Machi, yaani siku 60. Maksai mmoja atahitaji kilo 180, na wote wawili kilo 360. Ikiwa kila tita lina kilo 15, hayo ni matita 24. Ili kupata kilo 1 ya majani makavu hukatwa kilo 3 au 4 za majani mabichi. Robo ya ekari ya nyasi za Boma Rhodes zilizotunzwa vizuri yaweza kutoa matita hayo. Katika malisho ya kawaida kipande kitakuwa kikubwa zaidi, na kila mtu ataujua uzao wa shamba lake baada ya mwaka wa kwanza, akihesabu matita yake.

Mwenye ng'ombe wa maziwa azidishe, na wale wenye ndama au mimba wapewe yale mazuri kabisa. Majani yatiwe katika hori lililoinuliwa, yasitupwe chini kwenye samadi, ambako nusu hukanyagwa. Mnyama alaye chakula kikavu hunywa maji mengi zaidi. Apewe maji safi ya kutosha na chumvi ya kulamba. Na samadi ya nyumbani, iliyochanganyika na mabaki ya majani, irudishwe shambani, maana ardhi inayokatwa majani kila mwaka bila kurudishiwa kitu huchoka kama mtu.

Watu wawili

Chukueni mfano wa majirani wawili, kila mmoja ana ekari tatu na maksai wawili. Wa kwanza alitenga kipande Septemba, akakata Novemba, akafunga matita 24. Wa pili alimcheka, akasema majani ni mengi mno kiasi cha kutohitaji ghala. Januari wa pili alichoma malisho yake. Februari mtoto wake alishinda mtoni na ng'ombe, na mmoja akapata nagana. Mvua ilipoanguka Machi, wa kwanza alifunga nira siku ya tatu, akamaliza shamba lake, kisha akalima mashamba ya watu wengine kwa malipo. Wa pili alikuwa mmoja wa watu hao. Fedha alizolipa zilikuwa nyingi kuliko bei ya sanduku, kamba na mundu vikijumlishwa, na hata hivyo alipanda nyuma ya wengine.

Mambo ya namna hii hayahitaji mtaji mkubwa. Yahitaji kukumbuka. Wakati wa kukata majani ni wakati ambao njaa ya ng'ombe haijaonekana, na ndiyo maana watu wengi huupitisha. Aliye na shaka na amwendee Bwana Shamba au Bwana Mifugo wa mahali pake, au aulize katika kituo cha uchunguzi wa kilimo cha Alupe, apate kuonyeshwa nyasi zifaazo udongo wake. Si lazima kuanza na mengi. Matita matano ya mwaka wa kwanza yatamfundisha mtu zaidi ya maneno mengi.

Malori yaendayo Uganda na yatokayo huko hupita Busia na Malaba mchana na usiku, yakichukua mizigo ya kila namna. Lakini mzigo umfaao mkulima zaidi haupiti mpakani wala haulipiwi ushuru. Umesimama shambani mwake kila mwaka, ukimngoja kwa siku chache tu, mwishoni mwa Novemba.